WANYAMA WADOGO WA USIKU NA MIPAKA YAO SHAMBANI

Katika mashamba mengi ya skimu kila mnyama mdogo apitaye usiku huitwa kicheche, na kila kicheche huhesabiwa kuwa mwizi wa kuku. Kuku wakiliwa, mwenye shamba hutia dawa ya kuulia wadudu ndani ya kipande cha nyama, hukiweka kando ya ua, na asubuhi hukuta mzoga. Hapo hufurahi na kusema kwamba mwizi amepatikana. Lakini mara nyingi mnyama aliyekufa siye aliyekula kuku. Amekufa yule apitaye chini akitafuta wadudu na panya. Mwizi aliyeshuka kutoka mtini yu hai, na atarudi usiku mwingine. Hasara sasa ni mbili: kuku wataendelea kuliwa, na panya wamepunguziwa adui.

Kwa sababu hiyo yafaa kila mkulima awajue wanyama hawa kwa majina yao, na ajue kila mmoja hupita wapi na hula nini. Shamba moja la ekari 15, lenye kijito upande wa chini, miti upande wa juu na mahindi katikati, laweza kutembelewa na wanyama wa namna 5 au 6 kwa usiku mmoja. Wote hula nyama, wote hutoka gizani, na wengi wao hawampiti mbwa kwa ukubwa. Je, wawezaje kukaa pamoja bila mmoja kuwafukuza wengine wote? Mkulima akilijua jibu la swali hili, atajua pia ni mlango gani wa banda lake anaopaswa kuufunga.

JARIBIO LA CHUPANI

Mwaka 1934 mtaalamu mmoja wa Urusi, G. F. Gause, alitoa kitabu juu ya majaribio aliyoyafanya kwa vijidudu vya majini, vidogo hata haviwezi kuchunguzwa bila hadubini. Alitwaa namna mbili zilizofanana sana. Kila namna ilipowekwa peke yake ndani ya chupa yenye chakula, ilizaana vizuri. Zilipowekwa pamoja, namna moja iliongezeka na nyingine ikaisha kabisa. Kisha akajaribu kwa kubadilisha namna moja, na safari hii zote mbili zikaishi. Sababu ilikuwa hii: namna moja ilikula chakula kilichoelea majini, na ya pili ilikula kile kilichotua chini. Chupa ilikuwa moja, lakini kwao ilikuwa kama mashamba mawili.

Wanyama wa shambani ni vivyo hivyo, ingawa shamba ni kubwa kuliko chupa na mipaka yao haionekani upesi. Wawili wakitaka chakula kilekile, mahali palepale, kwa saa zilezile, na chakula chenyewe ni haba, mmoja hushindwa. Ukiona wamedumu pamoja miaka na miaka, ujue kuna kitu walichogawana.

JUU YA MITI NA CHINI YA MITI

Tuanze na kanu, kwa kuwa yeye ndiye mwizi hasa wa kuku. (Msomaji asidhani tunazungumza habari za chama cha siasa kilichoanzishwa mwaka 1960, mnyama huyu alikuwa na jina lake kabla ya chama.) Kanu ni mrefu na mwembamba kama paka aliyevutwa, mwenye madoa mwilini na pete katika mkia, na mkia wenyewe unakaribia urefu wa mwili. Uzito wake ni kilo 2 hivi. Ni fundi wa kupanda. Hupita kutoka tawi hadi tawi, hutembea juu ya ukuta na juu ya paa la mabati, na hupenya penye tundu dogo. Chakula chake ni panya, ndege waliolala, mijusi, panzi na matunda. Kuku aliyelala juu ya mti au juu ya boriti, kwa macho ya kanu, ni ndege kama ndege wengine.

Chini ya mti huohuo hupita fungo, ambaye wengine humwita ngawa. Huyu ni mkubwa zaidi, kilo 10 mpaka 15, mwenye manyoya yasimamayo mgongoni anapoogopa, na weusi machoni kama aliyejifunga kitambaa. Hana ufundi wa kanu wa kupanda miti. Hutembea chini, pua ikifuata harufu. Hula karibu kila kitu: mapera na tini zilizoanguka, mizoga, panya, vyura, nyoka, mayai, hata jongoo, ambaye wanyama wengi humkataa kwa sababu ya sumu yake. Ndiye atoaye zabadi, ambayo kwa karne nyingi imetiwa katika manukato, na huko Ethiopia watu humfuga kwa ajili ya kazi hiyo.

Fungo ana desturi ya kwenda haja mahali pamoja siku nyingi. Ukipaona mahali hapo kando ya njia, usione kinyaa. Chukua kijiti uchokoe. Utakuta mbegu za matunda, magamba ya jongoo, mabawa ya wadudu na nywele za panya. Ukikuta manyoya ya kuku, una haki ya kumshtaki. Usipoyakuta, mwache apite.

Wa tatu ni nguchiro mkia-mweupe. Nguchiro wengi tuwajuao hutembea mchana, lakini huyu ni wa usiku, na mara nyingi hutembea peke yake. Ukimulika tochi shambani utaona kwanza mkia mweupe ukienda wenyewe gizani, na kwa sababu hiyo yeye ndiye aonekanaye na kupigwa kuliko wote. Hapandi miti. Mchana hulala katika mashimo na vichuguu. Peter Waser, aliyewachunguza wanyama wadogo wa usiku huko Serengeti, Tanzania, na kutoa habari zake mwaka 1980, alikuta kwamba nguchiro huyu hula zaidi wadudu wa ardhini: mchwa, na wale wadudu wenye magamba wakaao katika mavi ya ng'ombe na ya wanyama wengine. Malisho ya ng'ombe wako wa maziwa, basi, ni meza yake. Huweza kula yai au kifaranga akikikuta chini, hilo hatulikatai, lakini hawezi kumfuata kuku aliyelala juu.

Sasa kicheche halisi. Ni mdogo sana, wengi wao hawafiki kilo moja na nusu, mweusi mwenye mistari mirefu minne myeupe mgongoni. Akiudhiwa hutoa uvundo ambao mbwa wako hatausahau. Makao yake ni nyasi fupi na udongo mwepesi, naye huchimba kwa kucha akitafuta mabuu na vitoto vya panya chini ya ardhi. Hapa ndipo jina limemponza: kazi yake kubwa ni kuondoa wadudu na panya, lakini jina lake limekuwa jina la kila mwizi.

Wako pia paka wawili, na hawa ni mfano mzuri wa mgawo. Paka-mwitu ni wa ukubwa wa paka wa nyumbani, ila miguu ni mirefu zaidi na nyuma ya masikio pana wekundu. Mondo ni mkubwa, hata kilo 15, mwenye madoa, miguu mirefu sana na masikio makubwa. Wote wawili huishi kwa panya. Lakini paka-mwitu huvizia kwenye vichaka na pembezoni mwa shamba, ambapo panya huonekana kwa macho. Mondo huwinda ndani ya nyasi ndefu na kandokando ya vinamasi, ambapo panya haonekani kabisa. Humsikia tu akitambaa, kisha huruka juu na kumwangukia kwa miguu ya mbele. Kwa wanyama walao nyama yeye ni hodari sana, maana karibu nusu ya mirukio yake hupata kitu. Katika nyanda za juu za Nyandarua wako mondo weusi kabisa, na watu hudhani wameona chui mweusi.

Kule kijitoni yuko nguchiro wa maji, mwenye rangi ya kahawia iliyoiva. Hupapasa chini ya mawe kwa vidole, akitoa kaa na vyura, na kilicho kigumu hukipigiza juu ya jiwe mpaka kivunjike. Maadamu kijito kina maji na majani ukingoni, hana haja kubwa ya kupanda mpaka nyumbani kwako. Habari za nyegere hatutazieleza sana hapa, kwa kuwa wafugaji wa nyuki wanamjua vya kutosha. Ila fahamu kwamba yeye hafuati mlango wala tundu, huvunja ubao.

KANU WA AINA MBILI

Kenya ina kanu wa zaidi ya aina moja, na wakulima wengi hawajui jambo hili. Kanu wa nchi kavu, kama Samburu na pande kavu za Laikipia, ana ncha ya mkia nyeupe na mstari wa nywele ndefu mgongoni ambao huusimamisha akiogopa. Kanu wa penye mvua na vichaka vinene ana ncha ya mkia nyeusi, madoa makubwa zaidi, na nywele za mgongo ni fupi. Kwa ukubwa na kwa chakula hawa wawili karibu ni sawa, na ndiyo sababu mgawo wao ni wa nchi: mmoja huvumilia ukame na miti michache, mwingine hutaka kivuli na maji. Hata hivyo mpaka wao si ukuta. Kuna sehemu ambako nchi kavu hukutana na mabonde ya mito yenye miti, na hapo wote wawili huonekana, mmoja bondeni na mwingine juu kwenye migunga. Mkulima wa mpakani akitazama ncha ya mkia atajua ni yupi aliyemtembelea.

HARUFU NI BARUA

Siku hizi watafiti huweka porini kamera ndogo zinazojipiga zenyewe mnyama apitapo, na kila picha huandikwa saa. Kwa njia hiyo tumejua zaidi kwamba njia moja yaweza kutumiwa na wengi bila kukutana. Mondo hupenda alfajiri na jioni, na hata mchana penye utulivu. Kicheche husubiri giza likamilike. Tena kila mmoja huacha harufu: fungo hupaka zabadi juu ya mashina na mawe, kanu huacha alama kwenye matawi, nguchiro kwenye vichuguu. Apitaye baadaye husoma kwa pua kwamba hapa pana mwenyewe, na alipita lini. Ugomvi hupungua, kwa maana jeraha kwa mnyama mdogo ni njaa, na njaa ni kifo.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mwenye kutega na kuua. Madume wa nguchiro mkia-mweupe, kwa mfano, kila mmoja hushika nchi yake na kuzuia madume wenzake. Ukimwua mwenye nchi, hukubakiza shamba tupu, umetangaza nafasi. Kijana mwingine kutoka upande wa jirani ataingia, naye hajui mahali pa wadudu kama yule aliyezoea.

Mipaka yote hii hulegea wakati wa shibe. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakaruka, utawaona fungo, nguchiro, paka na mbweha kwenye kichuguu kimoja, kila mtu anakula wala hakuna anayemjali mwenzake, na hata kuku na watoto wako hapo asubuhi yake. Chakula kikiwa tele hakuna sababu ya kugawana. Ni wakati wa kiangazi, wadudu wakijificha chini na nyasi zikikauka, ndipo kila mmoja hurudi kwenye kile akijuacho zaidi. Na ndipo pia banda bovu la kuku hujaribiwa. Atakayetengeneza banda na alitengeneze kabla ya kiangazi.

SKIMU ILIPOKATWA

Tangu mwaka 1962, Skimu ya Ekari Milioni ilipoanza kununua mashamba makubwa ya walowezi na kuyagawa, sura ya nchi katika sehemu kama Kinangop imebadilika sana. Palipokuwa na malisho marefu ya nyasi pamekuwa na vipande vya viazi, mahindi na kabichi. Vinamasi vingi vimekaushwa. Kwa mondo hiyo ni hasara, maana nyasi ndefu ndiyo riziki yake. Lakini wakulima wamepanda pia miti: mikaratusi, misanduku, mivinje, na ua za miti kila mpaka. Kwa kanu, ua unaotoka mtoni hadi jikoni kwako ni barabara kuu, na mti uliopandwa karibu na banda la kuku ni ngazi. Hakuna aliyekusudia hivyo. Lakini tukilalamika kwamba siku hizi "vicheche" wamezidi karibu na nyumba, na tutazame kwanza tumepanda nini na wapi.

MWIZI ALIINGIA WAPI?

Asubuhi ya hasara usikimbilie kununua sumu. Tazama kwanza. Ikiwa kuku ameumwa kichwani au shingoni, ameliwa kichwa na kifua tu, na mlango haukuguswa, tafuta tundu juu, chini ya mabati. Huyo ni kanu. Ikiwa udongo umechimbwa chini ya ukuta na mayai yamekwisha, fikiri habari za nguchiro. Ikiwa kuku mzima amechukuliwa, na nyayo ni kama za mbwa mdogo zenye alama za kucha, yaweza kuwa fungo. Lakini yaweza pia kuwa mbwa hasa, na mbwa wa jirani wasiofungwa usiku huiba kuku kuliko watu wanavyokubali. Nyayo za mviringo, vidole vinne, bila alama za kucha, ni za jamii ya paka. Ubao ukiwa umeng'olewa, ni nyegere.

Banda liinuliwe futi 3 kutoka chini, juu ya nguzo zilizofungwa mabati laini ili zisipandike. Wavu wa chuma uwe mgumu, matundu yasizidi inchi 1, nao ufike mpaka chini ya paa pasibaki nafasi. Penye kupita kichwa cha kanu, mwili wake utapita pia. Ukuta ukigusa ardhi, fukia wavu futi 1 chini au panga mawe mazito. Kata matawi yote yaliyo karibu na paa kwa futi 6 au zaidi. Okota mayai kila jioni. Mlango ufungwe kwa komeo kabla ya giza, wala usimwachie mtoto kazi hiyo bila kwenda kuhakikisha. Wavu na misumari ni gharama, ndiyo, lakini hulipwa mara moja, na kuku hulipwa kila mwezi.

SUMU

Sumu haichagui. Nyama yenye dawa iliyowekwa kwa ajili ya kanu huliwa na nguchiro, na fungo, na mbwa wako, na mzoga wake huliwa na tai, nao hufa. Mtoto aweza kuigusa. Tena sheria haikubali: uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kwa anayewaua wanyama wa porini bila ruhusa. Mnyama akizidi kukusumbua baada ya banda kutengenezwa, peleka habari kwa ofisi ya Shirika la Wanyamapori (KWS) iliyo karibu.

Kumbuka panya wa shambani vilevile. Jike hubeba mimba siku 23 hivi, na huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Hatusemi kwamba kanu na mondo wataweza kuwamaliza. Mwaka wa panya wengi, hakuna mnyama awezaye. Ghala lazima liwe na vizuizi vya mabati kwenye miguu, na magugu yafyekwe. Lakini kati ya msimu na msimu, panya wakiwa wachache, kila mmoja aliyeliwa kabla hajazaa ni faida isiyokugharimu hata shilingi.

KICHAA CHA MBWA

Mnyama wa usiku akitembea mchana kweupe bila woga, akiyumba, akitoa mate au akiwaendea watu na mbwa, usimkaribie wala usimshike hata akionekana mpole. Yaweza kuwa ana kichaa cha mbwa. Toa habari kwa afisa wa mifugo na kwa KWS. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo akaanzishwe sindano. Asingoje kuona kama ataugua, kwa kuwa ugonjwa ukishaonekana hakuna dawa. Mbwa wote wachanjwe kila mwaka. Na paka wa nyumbani wachanjwe pia, kwa sababu wao huzurura usiku, hukutana na paka-mwitu na kuzaa nao, na mpaka huo hakuna ua uwezao kuulinda.